Kamera ya stoo ikionyesha nyumba ya mtu mwingine

Ijumaa ya tarehe 16 Februari 2024, wateja wa kampuni ya Wyze ya Marekani walifungua simu zao wakakuta kamera za nyumbani zimekatika. Umeme ulikuwepo, intaneti ilikuwepo, kamera yenyewe ilikuwa ukutani pale pale, ila picha hakuna. Baada ya saa kadhaa huduma ikarudi, na hapo ndipo lilipojitokeza tatizo kubwa kuliko lile la kwanza. Baadhi ya wateja walianza kupokea picha za vibaraza na sebule za watu wasiowajua kabisa.

Mwanzoni kampuni ilisema imewabaini watu 14 walioona nyumba zisizo zao. Jumatatu iliyofuata, barua pepe iliyotumwa kwa wateja ikaja na hesabu nyingine: watu wapatao 13,000 walipelekewa picha ndogo kutoka kwenye kamera zisizo zao, na 1,504 kati yao walizigusa. Wengi waliishia kuikuza picha. Wengine waliweza kuitazama na video yenyewe.

Kutoka 14 hadi 13,000 ndani ya siku tatu. Hasira za wateja zilitoka hapo, kwenye pengo la hesabu, pengine kuliko zilivyotoka kwenye hitilafu yenyewe.

Mtu anayeshusha magunia katika bandari ya Mocímboa da Praia anaweza kuuliza habari za vibaraza vya Marekani zinamhusu nini. Zinamhusu kwa sababu kamera zinazouzwa Kariakoo, Mtwara, Pemba na Nampula, zile nyeupe za kufungwa kwa skrubu mbili na kuunganishwa na simu, zinafanya kazi kwa mpango ule ule. Nyingine hata viwanda ni vile vile. Kamera ya kwanza ya Wyze ilitokana na kamera ya kiwanda cha Kichina, Hualai, ambayo kwingineko iliuzwa kwa jina la Xiaofang. Jina kwenye boksi hubadilika, vilivyomo ndani hufanana.

Jicho la mtu asiyekuwepo

Mji huu una sababu zake za kutaka jicho la ziada. Mashambulizi ya Cabo Delgado yalianzia hapa, tarehe 5 Oktoba 2017. Agosti 2020 wapiganaji waliuteka mji pamoja na bandari yake, na majeshi ya Msumbiji na Rwanda yakaurudisha tarehe 8 Agosti 2021, mwaka mzima baadaye. Watu walikimbilia Pemba, Nampula, Mueda, wengine wakavuka Ruvuma. Waliorudi walikuta maduka bila milango na stoo bila paa. Minara ya simu ilikuwa imeharibiwa, na kituo cha umeme cha Awasse, kinacholisha wilaya za kaskazini, kilikuwa hakifanyi kazi. Vitu hivyo vimerudishwa polepole, kimoja baada ya kingine.

Biashara iliyorudi ina sura yake. Mwenye mali mara nyingi hayupo karibu na mali. Yuko Mtwara anangoja gari la kwenda Kilambo, au Pemba anafuatilia karatasi za forodha, au yuko jahazini. Mzigo umelala Mocímboa chini ya mlinzi na kijana wa dukani. Kwa mtu wa namna hii, kamera ya bei ndogo inayomwonyesha stoo yake akiwa upande wa pili wa mto ni kishawishi kikubwa, na hakuna wa kumlaumu. Kufuli haliwezi kukuambia nani aliingia saa nane usiku.

Shida ni kwamba watu wengi hununua kamera wakidhani wamenunua kioo: upande huu stoo, upande ule macho yangu. Kamera nyingi za aina hii hazifanyi hivyo. Picha inatoka dukani kwako, inakwenda kwenye kompyuta za kampuni au za mtu ambaye kampuni imepanga kwake, huenda ziko Marekani, Ulaya, Singapore au China, kisha ndiyo inarudi kwenye simu yako. Huko katikati kuna daftari, tuseme hivyo, linaloandika kamera hii ni ya nani. Daftari likikosewa, picha ya stoo yako inamfikia mtu mwingine naye anatumiwa arifa kwamba kuna mtu mlangoni.

Kwa maelezo ya Wyze, kilichotokea ni hicho hicho. Kompyuta za Amazon walizozipanga zilipata hitilafu. Zilipoamka, kamera nyingi zikarudi mtandaoni kwa mkupuo, na programu moja waliyoiingiza karibuni kutoka kwa kampuni nyingine ikazidiwa, ikachanganya namba za kamera na namba za wenye kamera. Wyze walisema walipogundua walizuia watu kufungua video hizo, wakaongeza hatua ya kumhakiki mteja kabla ya kumwonyesha kitu. Walisema pia kwamba zaidi ya asilimia 99.75 ya akaunti hazikuguswa.

Maelezo ni ya kina, na si kampuni nyingi zingetoa namba kamili kama 1,504. Hilo tuwape. Lakini wateja walisoma kitu kingine ndani yake: kwanza kosa la Amazon, kisha kosa la programu ya watu wengine. Mwanamke wa mtaa wa Nanduadua akinunua mchele wako akakuta kokote nusu kikombe, hatakwenda kumtafuta aliyefunga gunia Mbeya. Atarudi kwako. Ulichagua mwenyewe ununue kwa nani. Na ile asilimia 99.75 haimsaidii kitu aliyemo kwenye robo iliyobaki, ambaye anajua kuna mtu asiyemfahamu ameona chumba chake.

Isitoshe, hawakuwa wageni wa jambo hili. Septemba 2023, miezi mitano tu kabla, wateja wa Wyze waliotazama kamera zao kupitia kompyuta walionyeshwa kamera za wengine kwa muda mfupi. Wirecutter, kitengo cha gazeti la New York Times kinachopima bidhaa, kiliacha kuzipendekeza kamera hizo baada ya tukio hilo, na moja ya sababu zake ni namna kampuni ilivyowasiliana na wateja.

Miaka mitatu ya kimya

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hesabu ya Februari 2024 si sehemu mbaya kuliko zote katika habari ya Wyze. Sehemu mbaya ilijulikana Machi 2022, pale kampuni ya usalama wa kompyuta ya Bitdefender, yenye makao Romania, ilipotangaza kwamba iliwaarifu Wyze kuhusu matundu ya usalama katika kamera zao tangu Machi 2019. Tundu mojawapo liliruhusu mtu aliyeingia kwenye mtandao wa nyumba kusoma kadi ya memori ya kamera bila neno la siri. Lilizibwa Januari 2022. Kamera za toleo la kwanza hazikuzibwa kabisa. Kampuni iliacha kuzihudumia mwanzoni mwa Februari mwaka huo huo, na wateja waliambiwa tu kwamba kuendelea kuzitumia kuna hatari zaidi, bila kuelezwa tundu lilikuwa wapi.

Miaka mitatu karibu. Katika muda huo watu waliendelea kununua.

Eufy, chapa ya kampuni ya Anker ya China, ina kesi ya aina nyingine. Mei 2021 hitilafu ya siku moja wakati wa kubadilisha programu za seva ilisababisha wateja 712, kwa hesabu ya kampuni, wahusishwe na kamera za wenzao. Waliomba radhi, mambo yakatulia. Lakini Eufy ilikuwa ikiuza kamera zake kwa ahadi mahususi: picha zako zinabaki nyumbani kwako, haziendi popote. Novemba 2022 mtaalamu wa usalama wa Uingereza, Paul Moore, alionyesha kwamba kamera yake ilikuwa ikipeleka picha ndogo na taarifa za nyuso kwenye seva za mbali. Waandishi wa The Verge nao walithibitisha kwamba mtu akiwa na anwani inayotakiwa angeweza kutazama kamera kutoka mbali kwa programu ya kawaida ya kuchezea video. Kampuni ilikanusha. Kisha baadhi ya ahadi zikaondolewa kimyakimya kwenye tovuti yake. Mwishoni mwa Januari 2023 ndipo ikakubali kwamba video hazikuwa zimefungwa kwa siri kama ilivyotangazwa. Miaka miwili baadaye, Januari 2025, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York alitangaza kwamba wauzaji wa Eufy watalipa dola 450,000.

Mfanyabiashara atakayesoma kesi hizi mbili kwa makini ataona tofauti. Wyze walikosea hesabu wakairekebisha. Eufy waliuza ahadi ambayo haikuwa ya kweli, na walipoulizwa wakakataa. Wa kwanza anaweza kusamehewa na wateja wengi. Wa pili anakuwa na kesi ya bidhaa isiyolingana na maelezo yake, jambo ambalo sheria za biashara za kila nchi ya ukanda huu zinalitambua.

Na kuna Ring, ya Amazon. Mei 2023 Tume ya Biashara ya Marekani ilieleza kwamba wafanyakazi na makandarasi wa Ring waliweza kutazama video za wateja bila sababu ya kikazi. Mmoja wao mwaka 2017 alitazama maelfu ya video za wanawake. Ring ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Aprili 2024 tume hiyo ilianza kurudisha zaidi ya dola milioni 5.6 kwa wateja 117,044. Fedha zilirudi kwa wateja kwa sababu kulikuwa na ofisi yenye meno iliyowasimamia.

Huku kwetu nani wa kumlilia

Ukivuka kutoka Tanzania kuingia Msumbiji kwa Namoto au kwa Daraja la Umoja, mzigo wako unabadilisha sheria, hata kama kamera ni ile ile.

Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Kampuni ikivujisha taarifa za watu na kuna hatari ya madhara, inatakiwa imwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Uganda ilipitisha sheria yake mwaka huo huo wa 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Msumbiji imekuwa ikitegemea ibara ya 71 ya Katiba, inayogusa matumizi ya kompyuta na taarifa za watu, pamoja na sheria ya miamala ya kielektroniki, namba 3 ya 2017, na sheria ya kumlinda mlaji, namba 22 ya 2009. Imeridhia pia Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika, ulioanza kufanya kazi Juni 2023. Msingi upo. Anachokosa mwenye duka wa Mocímboa ni mlango mmoja wa kubisha hodi, wenye kazi hiyo tu, kama ule wa Nairobi au Dodoma.

Na sheria hizi zinamkamata mwenye kamera pia. Watu husahau hili. Septemba 2023 Kamishna wa Data wa Kenya alizitoza faini taasisi tatu, mojawapo klabu ya starehe ya Casa Vera ya Nairobi, shilingi 1,850,000 za Kenya, kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Mwenye duka anayechukua kipande cha video cha mteja aliyegombana naye kwenye bei na kukirusha katika kundi la WhatsApp la wafanyabiashara yuko kwenye njia hiyo hiyo. Kwa Mocímboa ongeza jambo la akili ya kawaida: mji una askari wa majeshi mawili, na kamera inayoelekea barabarani badala ya kuelekea mlangoni mwako inaweza kukuletea maswali usiyoyataka.

Tukirudi kwenye madai: hitilafu ikitokea, kampuni hutuma barua pepe. Swali ni inamfikia nani. Katika biashara zetu ni kawaida fundi aliyefunga kamera kufungua akaunti kwa simu yake mwenyewe na barua pepe yake mwenyewe, kisha kumwongeza mwenye duka kama mtazamaji. Kazi inakwisha haraka, kila mtu anafurahi. Miezi sita baadaye mbele ya kampuni mwenye kamera ni fundi. Onyo la usalama linakwenda kwake, toleo jipya la programu linamsubiri yeye alikubali, na akihamia Nampula au akikosana nawe, stoo yako imo mfukoni mwake. Huyu hahitaji hitilafu yoyote ya seva ili aone nyumba ya mtu mwingine.

Ukinunua kamera ya mkono wa pili, hali ni ile ile. Kamera isiyofutwa kwenye akaunti ya mwenye nayo wa kwanza ama itakataa kuungana na simu yako, ama itaungana huku wa kwanza bado anaona. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aifute mbele yako kwenye simu yake, kisha bonyeza kitufe cha kuirudisha upya, uiunganishe kwa simu yako ukiwa hapo hapo. Ni dakika kumi. Muuzaji anayesema hana muda wa dakika kumi hana kamera ya kukuuzia.

Siku mtandao unapolala

Hitilafu nyingine haina mchawi wala mwizi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika katika pwani ya kusini, na Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji zote zikaona intaneti ikikokota au ikipotea. Baada ya uchaguzi wa Msumbiji wa Oktoba 2024, intaneti ya simu ilizuiwa mara kadhaa. Tanzania intaneti ilizimwa siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, ikakaa siku kadhaa. Na siku tisa kabla ya hapo, tarehe 20 Oktoba, kompyuta za Amazon za Marekani ziliyumba, kamera za Ring na vifaa vingine vikazimika bila waya wowote kukatika.

Mwenye mzigo aliyeko Mtwara na stoo yake Mocímboa anahitaji mitandao ya nchi mbili iwe hai kwa wakati mmoja, na umeme, na bando, na kampuni iliyo mbali isiwe na siku mbaya. Usiku wa vurugu, ndio usiku anaouhitaji zaidi, ndio mara nyingi vitu hivi hukosekana. Kamera inayorekodi kwenye kadi ya memori au kwenye mashine ya DVR iliyofichwa ndani, yenye betri ya akiba, haitakuonyesha kitu usiku huo, lakini itakuwa na cha kukuonyesha ukifika. Inayotegemea hifadhi ya mtandaoni peke yake itakuwa na shimo. Muulize muuzaji: intaneti ikikatika, inaendelea kurekodi? Kisha chomoa ruta uone mwenyewe.

Kuna swali la kuuliza kampuni au wakala wake, na ni swali ambalo wauzaji wengi hawajawahi kuulizwa: toleo hili litaendelea kuhudumiwa hadi mwaka gani? Uingereza tangu Aprili 2024 inalazimisha kampuni za vifaa vinavyounganishwa na intaneti kutaja muda wa chini kabisa ambao zitaendelea kutoa marekebisho ya usalama, na imepiga marufuku neno la siri moja la kiwandani kwa vifaa vyote. Kwenye maboksi yanayofika kwetu mstari huo haupo. Bei ndogo mara nyingine ni kwa sababu kamera imeshaachwa na kampuni iliyoitengeneza, kama ile ya kwanza ya Wyze.

Kwa wale wanaozinunua kwa katoni na kuziuza ng'ambo ya Ruvuma, neno moja la kibiashara. Mteja wako wa Mocímboa, Palma au Mueda hana namba ya kiwanda. Hata akiwa nayo, atajibiwa kwa Kiingereza au Kichina, wakati yeye anasema Kimwani, Kimakonde, Kireno na Kiswahili. Kampuni kwake ni wewe. Ikitokea habari mbaya kuhusu toleo uliloliuza, yeye hataisikia usipomwambia, na akiisikia kwa mwingine kwanza atajiuliza ulikuwa unajua tangu lini. Andika kwenye risiti toleo na namba ya kamera, jina la programu ya simu, akaunti imefunguliwa kwa namba ya nani, waranti ni ya muda gani na inashughulikiwa upande gani wa mpaka. Weka nakala na namba za simu za walionunua katika daftari moja, ili siku ya kuwapigia usianze kuwatafuta.